Dirisha la Chipu

Chipu ya zamani ilikuwa na dirisha.
Kijiduara cha kioo mgongoni, kadiri ya kidonge cha klorokwini,
na ndani, ukiinama, unaona mraba unaometa
kama gamba la sangara lililogandia kwenye kisu.

Mwaka wa tisini na mbili, Kirumba, juu ya duka la nyavu,
sikuwa na mashine ya kufutia.
Nilikuwa na jua.
Nilizilaza chipu juu ya bati, madirisha yakitazama mbingu,
nikazizungushia kokoto kunguru wasizichukue,
nikangoja siku sita, saba, msimu wa mawingu kumi,
mpaka kila nilichoandika kiungue kimyakimya.
Kufutwa, kwa chipu, si kuwa sifuri.
Ni kuwa moja tupu, moja kila chumba:
taa zote zinawaka, mwenyeji hayupo.

Kwa hiyo kosa moja bei yake ilikuwa wiki.
Ndiyo maana nilikosea kwanza kwenye daftari.
Penseli, karatasi za mraba,
kidole changu ndicho kichakataji:
kilipita mstari kwa mstari, kikaruka palipoandikwa ruka,
kikarudi palipoandikwa rudi,
na Minza mke wangu akiuliza mlangoni,
ugali unapoa, unasoma dua gani?
Ubaridi wa chumba cha minofu ulikitegemea kidole hicho.
Programu nzima, baiti elfu mbili.
Barua ya posa niliyompelekea baba yake ilikuwa ndefu zaidi.

Siku ya kujaribu hapakuwa na skrini.
Palikuwa na taa moja nyekundu
niliyoifundisha kusema.
Ikipepesa mara moja: nimeamka.
Mara mbili: nimeliona joto.
Mara tatu: sijui nilipo.
Ilisema tatu, mara nyingi mno.

Leo Nkwimba anachomeka waya mmoja.
Msimbo unaingia kabla chai haijashuka kooni.
Anausimamisha katikati ya hatua, mguu ukiwa hewani,
anaupekua mifukoni, huku kuna ngapi, huku kuna ngapi,
anauachia hatua moja, anausimamisha tena.
Mimi nilikuwa nikipasua maiti. Yeye anamhoji aliye hai.
Sina wivu.
Ninao kidogo.

Kifaa chake kinalinda friji ya chanjo, zahanati moja ya Ukara.
Mezani kwetu Nyakato kilikesha siku tatu bila kukohoa.
Kilipovuka maji kikaanza: usiku wa manane
kinazimika, kinawaka, hakikumbuki hata jina lake.
Akakifuata kwa kivuko, akachomeka waya akinase.
Kikatulia kama mtoto aliyesikia viatu vya baba.
Akachomoa. Kikarudia.
Usiku wa pili akapiga simu:
"Fundi Lugata, nikikitazama hakikosei."
Nikamwambia toa waya. Tafuta taa moja, ifundishe.
"Kupepesa?"
Kupepesa. Na zima balbu ya chumbani.

Nikamsikia akihesabu, upepo wa ziwa ukipuliza ndani ya simu:
moja. Moja. Mbili. Moja.
Kisha friji ikanguruma ikianza kazi
na Nkwimba akanyamaza.
"Imefifia," akasema. "Kabla ya kuzimika, imefifia."

Basi.
Msimbo haukuwa na kosa hata mstari mmoja.
Friji ikiamka inavuta pumzi yote ya betri,
na ule waya wake wa upelelezi
ulikuwa ukimlisha mgonjwa kwa siri.
Kapasita aliing'oa kwenye redio mbovu ya mlinzi,
akalehemu kwa tochi ya simu, akalala palepale sakafuni.

Aliporudi alikuta droo yangu wazi.
Akainua chipu moja. Dirishani bado nimebandika
karatasi ya fedha ya paketi ya sigara, jua lisiingie.
"Humu mna nini?"

Kiwanda kilikwisha vunjwa. Chumba cha baridi ni ghala la saruji.
Humo mna amri tatu zinazozunguka:
pima, linganisha, ngoja.
Pima, linganisha.

Hakuibandua.
Aliirudisha kifudifudi, akafunga droo kwa goti,
akaniuliza kama ile kokoto iliyo juu ya redio
ni ya bati lile.