Kibao

Julai, Arusha, sweta juu ya sweta.
Ukumbini nikapewa kibao: HUNGARIA.
Zsofia wa Budapesti akapewa Tanzania,
akatutetea siku nne mfululizo
(madeni, kahawa, mipaka)
kwa ufasaha ulionitia wivu.

Jioni, kwetu Sakina,
mama akamletea maji ya kunawa.
Akayanywa.
Hakucheka mtu.

Nami, balozi wa Hungaria,
sijui hata kwao wakifiwa hupikwa nini,
ingawa nimepiga kura kwa niaba yao
mara kumi na moja.

Ameshaondoka.
Kibao changu kimebanwa dirishani jikoni,
kinazuia upepo wa Meru.
Moshi ukizidi, mama huita:
"Ndeonansia, hebu
itoe Hungaria kidogo, tupumue."