Shuka Jeupe

Oktoba inakwisha, magharibi imeshaswaliwa.
Mlango ukabishwa. Si hodi, vidole tu, kama panya.
Nikafungua, mnyororo nimeuacha.

Watatu. Mmoja popo,
mmoja kapakwa masizi na rangi ya mdomo,
na mdogo wao kajifunika shuka jeupe
lililotobolewa macho kwa mkasi.
"Tupe tamu au tukutishe!"

Kunitisha.
Mie niliye ndani ya eda, mwezi wa pili,
niliyepima bafta kwa mkono huu,
na karafuu maiti hainitoki puani.

Nilitaka kusema: nyie hamuna Idi?
Hamupiti nyumba kwa nyumba na kanzu mpya,
"mkono wa Idi, bibi," macho yako kwenye pochi?
Nani kawaletea haya? Runinga?
Au ile shule ya Nyali, kofia ya mchawi
shilingi mia tisa?

Lakini shuka linanukia udi wa Bi Sauda, ghorofa ya pili,
na chini yake ndara mbili, zote za kushoto.
"We nani?"
"Mzuka."
"Mzuka wa nani?"
Akafikiri sana.
"Sijui. Nimevishwa tu."

Nikatoa mnyororo.
Nikawapa ubuyu, na kashata zilizosalia hitimani.
Mzuka hakutobolewa mdomo;
akajaribu kupitisha kashata jichoni.

Nikacheka.
Kisha nikajiziba kinywa,
nikageuka kukitazama kiti chake,
kama kimenisikia.