Namba Zilingane

Nyuma ya nyumba ya marehemu Ottavio, kule Casuarina,
magari mawili yamelala chini ya turubai moja
kama wakewenza waliogawiwa shuka.

"Fundi," asema Bwana Jivraj, kashuka na ndege ya asubuhi,
"ungekuwa wewe, ungechukua lipi?"

Porshe ni ya kijivu, mgongo wa kobe,
injini imekaa nyuma, rejeta haina,
hupozwa kwa upepo na oili lita tisa.
Miaka ishirini nimeifuta vumbi tu.
Mwenyewe alikataza: "Hiyo ni akiba. Usiiguse."
Ikatii. Hata panya hawakuzaa ndani yake.

Alfa ilikuwa nyekundu; sasa ni pilipili iliyosahaulika juani.
Kabureta mbili zisizopatana,
leo hii inakohoa, kesho ile inanuna,
na mimi katikati na bisibisi yangu, kadhi asiyelipwa.
Ilikwenda Mambrui kufuata halua.
Ilizama mchangani karibu na Sabaki.
Ilimpeleka Kadzo wangu hospitali, mvua ya Mei,
paa likivuja, na mtoto akazaliwa
kabla sijapata mahali pa kuegesha.

Bwana Jivraj kapiga magoti na tochi.
Sakafu? Nilichomelea mimi, bati la debe la mafuta ya kupikia;
ukikwangua rangi utauona mnazi.
Akaandika.
Klachi? Ya pikapu, niliichonga ikakaa.
Akaandika.
Injini? Ya kwanza ilipasuka. Hii ilitoka Mombasa ndani ya gunia.
Kalamu ikatulia.
"Namba hazilingani," akasema,
kwa sauti ya mtu anayetoa mkono wa pole.

Siku ile nilifunzwa hesabu mpya:
kila ulipopita mkono wangu, bei ilishuka.
Pale nisipogusa, ndipo panapoitwa halisi.

Akachukua Porshe. Sikubishana.
Fedha ni zake, na gari ni zuri, sitasema uongo:
mlango wake hujifunga kama sanduku la mvule.

Ila haikuwaka.
Betri mpya, plagi mpya,
vijana wanne wa Maweni wakisukuma hadi jasho. Kimya.
Na lori linangoja barabarani, dereva keshachoka kupiga honi.

Basi nikafunga kamba.
Nikaingia ndani ya Alfa, nikaibembeleza mara moja, mara mbili,
ikakohoa, ikatukana kwa lugha ya kwao,
ikashika.

Kamba ikakazika.
Namba zisizolingana zikatangulia,
zilizolingana zikafuata,
na Bwana Jivraj kando ya njia,
daftari wazi,
kalamu haijui iandike wapi.