Mengineyo

Kirikuu ilibeba kreti za soda miaka tisa
kabla sijaipigilia kitanda.
Nyuma bado imeandikwa MUNGU HAFUNGI DUKA
na sakafu inanata pale sukari ilipomwagika.
Perusi akakata khanga, akatundika mapazia:
dirisha langu linasema Mwenye wivu,
lake linasema ajinyonge.
Kitanda kimepungua shubiri moja.
Mbao nilizipima mara tatu. Mimi sikujipima.

Mbande, Kongwa, Mpwapwa: lami, kisha vumbi,
kisha Kibakwe, na baada ya Kibakwe
barabara inaanza kusitasita.
Gia ya kwanza. Gia ya kwanza tena.
Watoto wa shule wakatupita kwa miguu, shikamoo, shikamoo,
Perusi akawaitikia mmoja mmoja,
haraka hatukuwa nayo.
Penye kona ya mawe mekundu akashuka na gogo la kuzuia tairi,
akatembea nyuma yetu kama anayeswaga ng'ombe aliyegoma.
Ndoa ya miaka thelathini na minne,
sikujua kama Kigogo kina matusi mengi vile.

Langoni askari Msigala alikuwa anaanika soksi.
Daftari lake: mgeni wa mwisho siku kumi na tisa zilizopita,
mtu wa vipepeo.
Akalizunguka gari. Akaligonga bati kwa kidole.
"Hii niandike gari au hema?"
Nikasema gari.
Perusi akasema nyumba.
Fomu ina safu ya gari, ina safu ya hema,
ina hata safu ya punda wa mizigo.
Akalamba ncha ya kalamu,
akaandika MENGINEYO,
akatukatia risiti.

Usiku, "Mbeho," akasema Perusi,
na jina la Rubeho likajieleza lenyewe.
Nikafungua mlango wa nyuma, nikatoa miguu nje,
soksi mbili mbili:
kichwa nyumbani, nyayo hifadhini.
Komba akalia juu ya paa kama mtoto aliyenyimwa.
"Mfungulie," akasema gizani,
"labda kaja kurudisha chupa."

Alfajiri nikasikia pampu.
Miaka thelathini na moja niliamshwa hivyo,
mtu anagonga dirisha: fundi, kisima kimekata.
Nikavaa viatu bila kuvifunga,
nikaifuata sauti ndani ya ukungu,
miti inaning'iniza ndevu za kijivu, inanidondokea shingoni,
na pampu hapakuwa.
Mwamba tu.
Na maji yanashuka yenyewe,
hayana mita, hayana kamati,
hayamngoji mtu wa dizeli.

Nilidhani ningefurahi.
Nilikasirika.

Makang'wa tulichimba mita mia moja na arobaini
tukapata chumvi.
Mama mmoja akaonja, akanirudishia kikombe
kwa mikono miwili, kwa adabu,
kama mtu anayerudisha noti ya bandia
kwa mgeni asiyetaka kumwaibisha.
Na haya yalikuwa hapa siku ile,
hapa hapa, yanapiga soga na mawe.

Perusi akaja na dumu la lita tano.
Hakuniuliza kitu. Akalitega chini ya mwamba,
na mimi, mazoea ni ugonjwa, nikaanza kuhesabu.
"Sekunde ngapi?"
"Kumi na nne."
"Basi andika."
Karatasi nyingine sikuwa nayo.
Nikaandika nyuma ya risiti ya Msigala,
wino ukienea kwa unyevu:
lita tano, kumi na nne.

Mbega wakatutazama tukiwasha jiko la gesi,
wazee weusi wenye mashuka meupe mabegani,
kisha wakatuchoka.

Chai haikuwa na chumvi hata kidogo.
Nilimaliza vikombe viwili
kabla sijaizoea.