Hasi Tisa

Vua shati, Alojz, lalia ubavu wa kushoto,
mkono chini ya kichwa, kama mtu anayesikiliza reli.
Jeli ni baridi. Samahani. Nje huko Zabrze
theluji imeshakuwa nyeusi kandoni mwa barabara,
na mtambo wa kupasha joto hospitali umegoma tangu alfajiri.

Unaniambia, bila kuulizwa, kwamba miaka thelathini na minne
ulikaa kwenye kibanda cha mizani, mgodini,
ukipima mabehewa ya makaa: likiwa limejaa, likiwa tupu,
ukitoa, ukiandika.
"Hakuna aliyewahi kuniibia hata kilo,"
kisha unakohoa, unalaani kwa Kisilesia,
na moyo unanitoroka kwenye skrini.

Usiseme. Vuta pumzi. Toa. Ishike hapohapo.

Huu hapa.
Chumba cha kushoto kimetanuka kama mfuko wa koti kuukuu
uliobebeshwa funguo miaka na miaka.
Naweka alama: ukuta huu, ukuta ule, milimita sitini na saba.
Kikijaa, kikijikamua; nami natoa, naandika.
Asilimia ishirini na tisa ndiyo inayotoka kwa kila pigo.
Damu nyingine inabaki, kama mgeni
aliyeaga mara tatu na bado amesimama mlangoni.

Kisha kipimo cha mkunjo.
Mashine inaupaka ukuta rangi, inafuata kila uzi wa nyama
unavyojivuta. Msuli mzima hujifupisha sana,
ndiyo maana namba yake ni hasi,
na kadiri inavyoshuka ndivyo ilivyo njema.
Unacheka. "Kwetu namba ya kutoa ilimfukuzisha mtu kazi."
Yako ni hasi tisa.
Ningependa upungukiwe zaidi.

Watu husifu moyo mkunjufu.
Mimi kazi yangu kutafuta unaojua kukunjika kwanza.
Wako una guni: mshororo unaanza vizuri,
mizani zinaisha kabla ya kufika kwenye kina.

Hildegarda yuko nje kwenye benchi, mkoba magotini,
na mkobani keki ya mbegu za popi
kwa ajili ya "yule binti wa mashine".
Ataniuliza. Nitamwambia daktari ndiye atakayesema.
Na daktari atafungua jedwali: kati ya watu mia wenye namba hizi
wangapi huuona mwaka wa kwanza, wangapi wa tano.
Jedwali halidanganyi. Linawajua wale mia.

"Katika hao mia," unauliza, ukijifuta jeli kwa karatasi,
"mimi ni wa ngapi?"

Wapo niliowaaga kimoyomoyo
wakarudi msimu wa cheri wakilalamikia ada ya maegesho.
Yupo mmoja, mwalimu wa jiografia, asilimia sitini na mbili,
picha safi ya kufundishia wanafunzi;
barua yake ya miadi ilirudi haijafunguliwa.

"Sijui," nasema.
Unatikisa kichwa, mpimaji kwa mpimaji.
"Mizani ilinipa uzito wa behewa," unasema.
"Habari za treni nilizisikia redioni, kama watu wote."

Unapiga moyo konde, huo huo wa hasi tisa,
unaketi. Unafunga vifungo.
Unaruka kimoja, shati linakwenda upande,
na wewe, polepole, bila kuniangalia,
unavifungua vyote
uanze tena kutoka chini.