Mizani ya Hombolo

Miaka kumi na minne nilipima zabibu
ghalani kwa ushirika.
Goti langu lilijua kazi yake:
kuinua kreti kidogo, kwa chini,
mshale urudi nyuma.
Mzee Chiwanga alitia dole gumba, akaenda.
Mama Nyemo alinishukuru.
Nikaezeka bati.

Leo nimekaa benchi la nyuma, karibu na mlango,
kama mtu mwenye safari.
Mfukoni daftari: majina, kilo,
deni ambalo hata ning'oe bati na misumari
haliishi.

Nilitaka nilipe kwanza,
ndipo nipige magoti.

Lakini kikombe hakikungoja hesabu.
Mama Nyemo alisogea altareni, akapangusa vumbi kwa khanga:
"Piga magoti, baba. Watu wanasubiri."

Nikanywa.
Zabibu. Zetu.
Ukakasi ule ule wa Hombolo,
jua la Septemba limekaa ndani yake.
Nilichoiba kwa goti
nimepewa nikiwa nimepiga goti,
na hakuna aliyekipima.

Kesho alfajiri nitabisha kwake na daftari,
mikono ikitetemeka,
tumbo limeshiba.