Rangi ya Kusahihishia

Lita nne za rangi nyekundu,
brashi mpya ya inchi tatu,
na orodha: nyumba sitini na mbili, Mabatini juu,
huko ambako mawe yalibeba watu kabla ya ramani.
Shilingi mia tano kwa kila X.
Malugu akatia saini. Mimi nikashika kopo.

Alikuwa fundi wa maandishi, si mtu wa makuu.
Vinyozi wa Kirumba, kichwa kimoja mitindo sita.
Ubavuni mwa mitumbwi: SUBIRA. WATASEMA.
Na kwa watalii, tingatinga,
chui mwenye macho ya sahani.
Sasa lilikuwa njiani tingatinga jingine,
la minyororo, lisilojua rangi.

Ya kwanza, X. Ya pili, X.
Ya tano mwenyewe alikuwa msibani; tukaweka X.
Mkono wa fundi hautetemeki,
mistari ilinyooka kama iliyopigwa rula.

Ya kumi na mbili ilikuwa ya Mbuke, muuza furu wa kukaanga.
Mjukuu wake akatoka, daftari kifuani,
akaikuta alama ina mguu mmoja tu,
akauliza, wala si kwa ujeuri:
"Hata mwalimu huweka hivyo.
Sisi tumekosa swali gani?"

Malugu kimya.
Tone likadondoka kwenye ndala yangu,
lipo hadi leo.
Kisha ule mkwaju mmoja, uliokuwa ukingoja mwenzake,
akaukunja kidogo kwa chini, kushoto.
Ikawa vema.

Usiku tulipanda lile jiwe linalotazama mjini,
analolikuta afisa dirishani akikoroga chai.
Akachora nyumba zote, kwa nyekundu ileile:
kamba za nguo, sufuria, mbuzi wa Mzee Ng'wandu,
kila mlango na namba yake, kama ilivyo kwenye orodha.
Neno hakuandika hata moja,
yeye, fundi wa maandishi.

Wiki ya pili zikaanguka. Ile ya vema pia.
Jiwe walilipaka chokaa;
mvua za vuli zikaiosha.

Hela ya X kumi na moja aliidai, akapewa.
Nilimwona nje ya ofisi akihesabu mara mbili,
elfu tano na mia tano,
kisha akaniuliza ni duka gani pale Makoroboi
linauza nyekundu isiyochujuka.